Niuze cherehani nikapigwe skani ya mifupa?

SWALI: Daktari, pokea salamu kutoka Kaptembwo, Nakuru. Mimi ni fundi wa nguo, nina miaka 34 na watoto watatu. Wa mwisho ana miezi 8, bado ananyonya. Tangu nikiwa kidato cha tatu nina mabaka yenye magamba kwenye viwiko na kichwani. Daktari wa ngozi alisema ni soriasisi akanipa mafuta ya kupaka. Sasa tangu mwaka jana kidole cha kati cha mkono wa kulia kimevimba chote, kuanzia shinani hadi nchani, hata pete haiingii. Kisigino cha kushoto kinaniuma nikikanyaga cherehani. Naamka saa kumi na mbili, lakini mkasi siushiki sawasawa hadi saa tatu. Duka la dawa hunipa diklofenaki, na mara nyingine vidonge vidogo vya prednisoloni ambavyo hunituliza siku chache tu. Nimepimwa damu nikaambiwa kipimo cha rumatoidi hakionyeshi kitu, na eksirei ya mkono ni safi. Hospitali moja ya kibinafsi imeniambia nisipofanyiwa skani ya mifupa Nairobi hakuna wanachoweza kunitibu. Pesa hizo sina. Nina cherehani mbili, nafikiria kuuza ile ya umeme. Mama mkwe anasema hii ni baridi ya Nakuru, nivae soksi na glavu. Je, niuze? Na hiyo dawa yenye mionzi haitamdhuru mtoto? – Fundi, Kaptembwo

JIBU: Dada yangu, usiuze cherehani. Natanguliza hilo kwa sababu kila nikiirudia barua yako, nikifika pale uliposema “hakuna wanachoweza kunitibu”, roho inaniuma. Haya uliyoniandikia, daktari makini akiyasikia na kukushika vidole, yanamtosha kuutaja ugonjwa bila mashine yoyote kubwa.

Kuna kitu hukukitaja ambacho mimi ningekitazama kwanza, nacho ni kucha zako. Itazame kastabini yako, vile ilivyojaa vishimo vidogo vidogo vya kuzuia sindano isiteleze. Kucha za watu wengi wenye soriasisi huwa na vishimo vya namna hiyo hiyo. Nyingine hubanduka kuanzia nchani, au hupata doa la njano chini yake. Wanawake wengi huja kliniki wamezipaka rangi kuficha aibu hiyo, nami huwaomba waifute kabla hatujaanza kuzungumza. Si udadisi. Kano inayonyoosha kidole huishia pale pale kucha inapoanzia kuota, na kwa hiyo mwenye kucha zilizoharibika huwa katika hatari zaidi ya viungo vyake kushikwa pia.

Ugonjwa ninaoushuku ni baridi yabisi ya soriasisi. Kinga ya mwili, ile iliyopaswa kupigana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe. Kwenye ngozi inaleta mabaka, kwenye viungo inaleta uvimbe, na hupenda sana mahali kano inaposhikana na mfupa, kama nyuma ya kisigino na chini yake. Kati ya watu 10 wenye soriasisi, wanaofikia kuumwa viungo wanaweza kuwa hadi 3. Kwa wengi ngozi hutangulia, mara nyingi kwa miaka kumi hivi, ndipo viungo vifuate. Umri wako na historia yako vinaingia humo barabara. Hicho kidole kilichovimba chote badala ya kuvimba kwenye fundo moja, madaktari hukiita kidole cha soseji, na ni dalili yenye uzito mkubwa. Sababu nyingine za kidole kuvimba hivyo zipo, kama kifua kikuu cha mfupa, gauti, au usaha baada ya kuchomwa na sindano, na kwa fundi hiyo ya mwisho lazima iulizwe. Lakini usaha haukai mwaka mzima kimya, na hakuna hata moja kati ya hizo inayokuja pamoja na magamba ya viwiko, kisigino kinachouma, na viganja vinavyokakamaa saa tatu nzima kila asubuhi.

Mama mkwe wako mheshimu, na soksi uvae. Asubuhi za Juni na Julai huko kwenu hukakamaza vidole vya kila mtu, mzima na mgonjwa. Ila baridi ya hewa haivimbishi kidole kimoja mwaka mzima na kuviacha vingine tisa.

Sasa nije kwenye vipimo, maana hapo ndipo umepotoshwa. Kipimo cha rumatoidi kutoonyesha kitu hakumaanishi huna ugonjwa wa viungo. Katika baridi yabisi ya soriasisi ndivyo inavyotarajiwa kwa wagonjwa walio wengi, na hata vipimo vya uvimbe katika damu, ESR na CRP, kwa karibu nusu yao huwa vya kawaida. Eksirei safi nayo si ajabu, kwa sababu eksirei huonyesha mfupa ulioliwa au mfupa mpya ulioota, na hayo huchukua muda. Mwaka 2006 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya vigezo vinavyoitwa CASPAR. Viliwekwa kwa ajili ya utafiti, lakini sisi wa kliniki tunavitegemea sana. Kwanza lazima mgonjwa awe na uvimbe wa kiungo, wa uti wa mgongo au wa kano. Baada ya hapo anahitaji alama 3. Soriasisi iliyopo sasa ni alama 2. Kidole cha soseji, 1. Kipimo cha rumatoidi kisicho na kitu, 1. Kucha zikiwa na vishimo, 1 nyingine. Mfupa mpya ukionekana pembeni ya kiungo kwenye eksirei, 1. Jihesabie, dada. Hata kucha zako zikiwa nzima, una 4. Na tafuta popote katika vigezo hivyo, skani ya mifupa haimo.

Hiyo haina maana kwamba skani ni kitu kisicho na faida, na sitaki uende hospitali ukagombane na mtu kwa jina langu. Acha nikueleze inavyofanya kazi, kwa sababu ukiielewa utajua wakati wa kuikubali.

Unadungwa sindano kwenye mshipa wa mkono. Ndani yake kuna chembe za aina ya fosfeti, chakula ambacho mfupa unapenda, zilizofungwa pamoja na teknetiamu-99m inayotoa mionzi ya gama. Mahali popote mfupa unapojengwa kwa kasi, au damu inapokwenda kwa wingi, fosfeti hukusanyika zaidi. Wakitaka kuona damu inavyoingia viganjani au miguuni, hupiga picha za kwanza papo hapo. Kisha unangoja saa 2 hadi 4, ukinywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara ili dawa ambayo haikushikwa na mifupa itoke. Halafu unalala chali, kamera ya gama inakupitia taratibu kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu. Haiumi na haina kelele. Mionzi yote hutoka kwenye ile sindano na wala si kwenye kamera, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, wakabaki wanaogopa mashine isiyo na kosa.

Uzuri wake ni kwamba mwili mzima unaonekana kwa mara moja. Viungo vilivyojificha, kama pale mfupa wa mtulinga unapokutana na kidari, au pale kiuno kinapoungana na uti wa mgongo, vinaweza kuwaka hata kama mgonjwa hakuvilalamikia. Namna vinavyowaka nayo ina maana. Baridi yabisi ya rumatoidi hupenda pande zote mbili kwa usawa, vifundo vya mikono pale kiganja kinapoanzia na mafundo ya shina la vidole, na huviacha vile viungo vya nchani. Ya soriasisi huenda upande mmoja na kuuacha mwingine, hushika viungo vya nchani, na mara nyingine hukiwasha kidole kimoja kizima, mafundo yake yote matatu, huku jirani yake akiwa mzima.

Udhaifu wake ni kwamba haijui kutaja jina. Mfupa uliovunjika unawaka. Goti la mzee lililolika kwa umri linawaka. Usaha unawaka, saratani iliyoingia mfupani inawaka. Ngozi yenyewe haionyeshi, na kano haionyeshi vizuri. Kwa kidole na kisigino, altrasaundi yenye uwezo wa kuonyesha mwendo wa damu inaona uvimbe moja kwa moja, bila mionzi. Maumivu yakiwa ya kiuno, miongozo ya Ulaya ya mwaka 2015 inataka eksirei na MRI, yaani picha ya sumaku, na inasema wazi kwamba skani ya mifupa isitumiwe kutambua uvimbe wa viungo vya kiuno. Mimi ningekuombea skani kama maumivu yako yangekuwa ya kutangatanga mwilini na hatuoni uvimbe wowote, au kama ningeogopa kitu kingine ndani ya mfupa. Kwako wewe uvimbe uko wazi, unauona kila ukivaa kastabini.

Kuhusu mtoto anayenyonya: teknetiamu-99m hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo siku moja baadaye imebaki sehemu 1 kati ya 16, na hapo bado hatujahesabu iliyotoka na mkojo. Mama akipimwa, kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Ushauri wa tahadhari ni kukamua na kumwaga maziwa ya saa 4 za kwanza, kisha kunyonyesha kama kawaida. Kwa mama mwenyewe kiasi cha mionzi ni karibu milisiviti 4, wakati binadamu wa kawaida hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Mjamzito ndiye hatumpeleki ila kwa sababu nzito. Basi kama siku moja utaihitaji skani hii, usiikatae kwa sababu ya mtoto. Kinachonifanya nikuzuie leo ni kwamba haitabadilisha matibabu yako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya skani ni vile vidonge vidogo. Prednisoloni inatuliza, ndiyo, lakini kwa mwenye soriasisi, kuinywa na kuiacha ghafla kunaweza kuifumua ngozi mwili mzima, hata ikatoa vijipele vya usaha, na hapo ni kulazwa. Mwambie mwenye duka asikupe tena. Ikiwa umekuwa ukivinywa mfululizo kwa wiki kadhaa, usivikate mwenyewe, daktari avipunguze polepole. Diklofenaki inywewe baada ya chakula na isiwe ya kila siku ya Mungu, kwa sababu ya tumbo na figo.

Nenda kliniki ya magonjwa ya ndani ya hospitali kubwa ya umma iliyo karibu nawe, na hii barua yangu uibebe ukitaka. Vua viatu. Onyesha kichwa, nyuma ya masikio, kitovu. Niliwahi kumtibu mzee wa Njoro aliyekunywa dawa za gauti miaka na miaka, magamba yake yote yakiwa yamejificha kitovuni na juu ya makalio, mahali ambapo hakuna aliyemwambia afunue. Kwenye ngozi yetu nyeusi mabaka hayawi mekundu kama picha za vitabuni, huwa ya kijivu au ya zambarau iliyokolea, na hata waganga waliosoma huyapita.

Omba kipimo cha VVU pia, wala usiudhike ukiambiwa. VVU huikoroga soriasisi na viungo vyake, na majibu yake yanabadilisha dawa tutakazochagua. Daktari atataka pia kujua ini, figo na wingi wa damu yako, na kama una homa ya ini aina ya B, kabla ya kuanza dawa za kuituliza kinga ya mwili. Inayotumika zaidi ni methotreksati. Hiyo hunywewa mara moja kwa wiki, siku moja iliyochaguliwa, pamoja na vidonge vya foliki asidi. Narudia, kwa wiki. Kuna watu wamekufa kwa kuinywa kila siku. Wewe kwa sasa haikufai kwa sababu unanyonyesha, na baadaye ukiianza lazima uwe kwenye uzazi wa mpango. Iko salfasalazini, ambayo mama anayenyonyesha mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati wake anaweza kuitumia chini ya uangalizi. Mwambie daktari hivyo hivyo: “Nanyonyesha, mtoto ana miezi 8.” Usingoje akuulize.

Na usikawie. Kuchelewa miezi 6 tu tangu dalili zianze kumeonekana kuambatana na mifupa iliyolika zaidi na mikono inayoshindwa kazi, na wewe umeshapitisha mwaka. Zile pesa ulizotaka kupeleka Nairobi, lipia vipimo vya damu, nauli, na dawa za miezi ya kwanza. Pita kwanza ofisi ya SHA, bima ya afya ya serikali, hapo hospitalini uulize kadi yako inabeba nini. Kazini, inua kiti ili kisigino kisibebe uzito wote, tumia ile ya umeme zaidi, na mkasi wa kukata vitambaa vizito mwachie mwanafunzi wako kama unaye.

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu wa Mumias, miaka 63, nina soriasisi tangu ujana. Niliumwa mgongo nikapelekwa skani ya mifupa. Ripoti inasema kuna maeneo mengi yaliyowaka: uti wa mgongo chini, mabega, magoti na vidole gumba vya miguu. Kijana wangu amesoma kwenye simu kwamba kuwaka ni saratani. Sijalala. – Mwalimu, Mumias

JIBU: Mwalimu, nakupa pole ya dhati. Mtoto wako anakupenda, lakini amesoma nusu ya habari. Saratani ya tezi dume kwa mwanamume wa umri wako huweza kukimbilia mifupa, na skani hutumika kuitafuta, kwa hiyo sitakuambia uipuuze. Lakini mabega, magoti na vidole gumba vya miguu ni viungo, na saratani hupendelea katikati ya mifupa yenye uboho, yaani pingili, mbavu na nyonga, tena huwa imetawanyika bila mpango. Viungo vya mtu wa miaka 63 huwaka kwa kulika tu. Juu ya hayo una soriasisi, na tangu miaka ya 1970 watafiti wameeleza kwamba viungo vya wenye soriasisi huweza kunyonya dawa ya skani kupita kiasi hata kwa wasioumwa.

Pale pa kushughulikia ni mgongoni. Omba eksirei ya sehemu ile ile iliyowaka, au MRI, isomwe na daktari wa picha akiwa na skani mezani, si ripoti peke yake. Upimwe PSA, kipimo cha tezi dume, katika damu. Jiulize pia: mgongo unauma zaidi ukikaa na kulala, ukatulia ukitembea? Hiyo ni tabia ya uvimbe wa viungo. Ukiuma usiku na mchana bila kujali unafanya nini, ukapungua uzito, au miguu ikafa ganzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na usikubali hukumu ya saratani kutoka kwenye picha moja.

SWALI: Daktari, nilisoma toleo lililopita kuhusu vidole vya soseji. Mtoto wangu wa miezi 11 amevimba mikono yote miwili na nyayo, analia akishikwa. Ngozi yake ni safi. Naye apelekwe skani? – Mama, Ahero

JIBU: Hapana, mama, na usingoje toleo lijalo. Mtoto wa umri huo, tena wa upande wa Ziwa, akivimba mikono na miguu yote pamoja, kitu cha kwanza kukifikiria ni selimundu. Chembe za damu hugeuka umbo na kuziba vijishipa vya mifupa midogo. Inapimwa kwa damu kidogo tu, kipimo cha aina ya himoglobini. Ikithibitishwa, kuna penisilini ya kila siku, kinga ya malaria, foliki asidi, na dawa iitwayo hidroksiyurea inayopunguza maumivu hayo, na watoto wanaoanzishwa mapema wanakua. Mpe maji mengi, mfunike asipate baridi, usimkande. Mpeleke leo Ahero au Kisumu, na akiwa na homa usisubiri kupambazuke.